Mwanga Unaoua Vijidudu Sugu

Wengi wetu tukienda Dar es Salaam hatukosi kupita Kariakoo. Tunapeleka mazao, tunanunua kanga na majembe. Mwenye kidonda hupita pia duka la dawa. "Nipe vidonge vinne vya rangi mbili," anasema. Cheti cha daktari hana. Anameza siku mbili, maumivu yakipungua anaacha.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kidonda hutunga usaha kwa sababu ya vijidudu viitwavyo bakteria. Dawa za kuviua huitwa antibiotiki. Ukimeza nusu dozi, vijidudu dhaifu hufa. Vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Mwishowe dawa ile haiviwezi tena. Hivyo ndivyo vijidudu sugu.

Jambo hili linaua. Mwaka 2001 na 2002 wataalamu walichunguza visa 1,828 vya watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Baadhi yao walikuwa na bakteria katika damu. Kati ya hao, waliopewa dawa isiyoweza kuviua vijidudu vyao walikufa zaidi kuliko wenzao.

Je, kuna njia nyingine ya kuviua? Iko moja, nayo ni mwanga. Zamani Daktari Niels Finsen wa Denmark alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi wataalamu huongeza rangi. Mwaka 2011, hospitali moja ya mji wa Vancouver, Kanada, ilianza kuwapaka wagonjwa rangi ya buluu puani kabla ya kupasuliwa. Kisha humulikwa humo puani kwa taa nyekundu kwa dakika chache.

Njia hii inafanyaje kazi? Rangi hushika kwenye kijidudu. Mwanga ukiipiga, rangi huifanya hewa ya oksijeni iliyo karibu iwe kali mno. Ukali huo hukiunguza kijidudu nje na ndani.

Tuseme kijidudu ni nyumba. Antibiotiki ni kama ufunguo wa kufuli moja. Mwenye nyumba akibadili kufuli, ufunguo haufai kitu. Oksijeni kali ni kama moto. Huchoma mlango, kuta na paa kwa pamoja. Ndiyo maana hata vijidudu sugu hufa.

Lakini tusidanganyike. Mwanga hauingii mbali mwilini. Unafaa kwenye ngozi, puani na mdomoni. Hauwezi kuvifuata vijidudu vilivyo katika damu au mapafu. Wala mtu asijipake jivi na kuanika kidonda juani, akadhani ndiyo tiba hiyo. Rangi, taa na muda hupimwa na wataalamu.

Basi, ndugu zetu, dawa tulizonazo tuzitunze. Kidonda tukioshe kwa maji safi na sabuni, kisha twende zahanati. Tusinunue antibiotiki bila cheti. Tusigawane vidonge na jirani. Tukiandikiwa siku saba, tumeze siku saba, hata kama maumivu yamekwisha.

Mtoto mwenye bakteria katika damu hana taa ya kumfikia humo. Tegemeo lake ni dawa. Tusimharibie.