MWULIZE MGANGA CHETI CHAKE

Ndugu mkulima, hununui mbegu za mahindi bila kutazama alama kwenye pakiti. Basi dawa ya mwanao utainunuaje bila kuuliza?

Hapa Kisegi mganga wa mitishamba yu karibu, na Serikali haimdharau. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitambua tiba asili nchini Kenya, ikaagiza Bunge litunge sheria ya kuwasimamia waganga hao. Jirani zetu wa Tanzania walitunga yao mwaka 2002. Huko waganga husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Fanya hivi:

1. Uliza cheti cha mganga kimetolewa na nani. Cheti cha utamaduni si leseni ya udaktari.

2. Kama dawa ni ya chupa au pakiti, uliza kama imeandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

3. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke zahanati siku ile ile apimwe malaria. Malaria kali haingoji. Mweleze daktari mitishamba yote aliyokunywa.

Mganga mwaminifu haoni haya kuulizwa. Naye ajuaye mpaka wa kazi yake ndiye atakayekuambia mapema, "Mpeleke hospitali."