Jaa la Taka na Bei ya Kiwanja cha Jirani

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, uliporomoka na kuzifunika nyumba za majirani. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Polisi, Msalaba Mwekundu na askari wa vikosi maalumu vya jeshi la Uganda walifanya kazi ya kuchimbua taka hizo wakiwatafuta waliofukiwa. Baada ya msiba huo Rais Yoweri Museveni aliuliza ni nani aliyewaruhusu watu kuishi karibu na lundo la hatari kama lile.

Swali hilo ni la haki. Jibu lake linamhusu kila mtu anayeweka akiba apate kiwanja, na askari, kwa sababu tutakazozieleza, linamhusu zaidi.

Jaa la Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 juu ya eneo la ekari 36 hivi. Yafaa ieleweke kwamba Kiteezi haimo ndani ya mipaka ya Kampala, bali imo katika wilaya ya Wakiso. Maana yake ni kwamba taka zilikuwa za watu wa mjini, na harufu ikawa ya watu wa shamba. Wakati ule nyumba za karibu zilikuwa chache. Lakini Kampala ilikua, na mwenye kipato kidogo aliyetafuta mahali pa kujenga alikwenda kule ambako fedha yake ingetosha. Kando ya jaa fedha yake ilitosha. Basi tukiuliza nani aliwaruhusu, sehemu kubwa ya jibu ni kwamba bei iliwaita, na hakuna mwenye mamlaka aliyesimama mlangoni kuwazuia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Serikali inapotwaa ardhi kwa ajili ya mradi wa umma, sheria humlinda yule ambaye ardhi yake imetwaliwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataka alipwe fidia ya haki, tena kabla hajaondolewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeweka sharti la fidia ya haki na ya haraka, na sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zasema hivyo hivyo. Lakini je, yule ambaye ukuta wa jaa umeishia hatua kumi kutoka mlangoni pake? Ardhi yake haikuchukuliwa. Hati yake ni ile ile, na mipaka yake haikusogea hata shubiri. Kilichoondoka ni thamani. Mpangaji amehama, mnunuzi akifika hugeuza gari, na maji ya kisima hayanyweki tena. Mtu huyu, kwa kawaida, halipwi hata senti moja. Ameuchangia mradi wa umma kwa mali yake binafsi bila kuombwa.

Nchini Uganda jambo hili hutatanishwa zaidi na utaratibu wa ardhi ya mailo uliotokana na mapatano ya mwaka 1900 baina ya Waingereza na Buganda. Mwenye mailo ndiye mwenye hati, lakini juu ya ardhi hiyo hiyo yupo mwenye kibanja, ambaye haki yake ya kukaa inatambuliwa na sheria ya mwaka 1998. Kibanja hununuliwa kwa bei nafuu, mara nyingi kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Siku ya fidia, wawili hao hugombea malipo ya kiwanja kimoja.

Wako wasemao kwamba hofu ya jaa ni maneno ya watu wasiopenda maendeleo, na kwamba bei hushuka kwa siku chache kisha ikarejea. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha picha yenye pande mbili. Karibu na majaa makubwa, yale yanayopokea tani 500 au zaidi kwa siku, thamani ya nyumba ilishuka kwa wastani wa takriban asilimia 14. Karibu na majaa madogo ilishuka kwa chini ya asilimia 3, na mengine hayakuonyesha athari yoyote. Hizo ni hesabu za nchi ambako taka hufukiwa kwa udongo na maji yavujayo hukingwa. Kwetu sisi, ambako majaa mengi ni lundo la wazi linalofuka moshi, hakuna sababu ya kutumaini kwamba hasara itakuwa ndogo kuliko hiyo.

Tena hasara haingoji lori la kwanza. Huanza siku habari inapovuma kwamba mahali fulani pamechaguliwa. Miaka kadhaa kabla ya maafa ya Kiteezi, mamlaka ya jiji la Kampala ilikwisha nunua zaidi ya ekari 130 huko Ddundu, wilayani Mukono, kwa ajili ya jaa jipya. Wakazi wakapinga, na jaa halikujengwa. Baada ya maafa macho yakageukia Buyala, wilayani Mpigi, na huko nako wakazi wakalalamika. Mtu mwenye kiwanja mahali kama hapo huwa katika hali ya ajabu: jaa halipo, lakini hawezi kuuza kwa bei ya jana. Akijenga, huenda anajengea nzi. Asipojenga, na mradi ukafutwa, amepoteza miaka. Na katika kipindi hicho hicho ndipo mlanguzi anapopita nyumba kwa nyumba akinunua kwa wenye hofu na kuwauzia wageni wasio na habari.

Tukigeukia Kenya, jaa la Dandora, mashariki mwa Nairobi, lilianza kutumika katika miaka ya 1970 ndani ya shimo la machimbo ya mawe. Miaka hiyo hiyo Benki ya Dunia iligharimia mradi wa kuwapatia watu wa kipato cha chini viwanja vyenye huduma papo hapo Dandora. Jaa na makazi vilikua pamoja kama ndugu wawili wasiopendana. Kufikia mwaka 2001 ilitangazwa kwamba jaa limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Thamani ya nyumba yaweza kurejea. Sidhani kama kuna dalali awezaye kupanga bei ya damu ya mtoto.

Wapangaji wa jiji, wakisaidiwa na wataalamu wa Japani, walipendekeza jaa lihamishiwe Ruai. Huko watu wengi walikwisha nunua viwanja kwa makampuni ya ardhi wakitarajia kwamba mji utawafuata. Pendekezo hilo likakwama, na kilio cha wenye viwanja sicho kilicholikwamisha. Wasimamizi wa usafiri wa anga ndio waliolikataa, kwa kuwa taka huvuta ndege wakubwa, na ndege hao ni hatari kwa eropleni zinazotua uwanja wa Jomo Kenyatta. Mnunuzi wa Ruai alinusurika kwa sababu ya korongo!

Wala tusiwacheke jirani zetu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa lililowafukiza moshi mchana na usiku, wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akiitaja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani wakiwa na hoja nzito, kwamba ramani ya mipango ya jiji iliutaja mtaa wao kuwa eneo la makazi, na wao walijenga kwa kuiamini ramani hiyo. Mahakama iliwakubalia. Ramani ile, ambayo wengi huiona kuwa karatasi ya ofisini tu, ndiyo iliyookoa nyumba zao.

Sasa nirudi kwa askari. Raia anayenunua kiwanja aweza kukipitia kila Jumapili. Askari yuko kambini Songea, kiwanja kiko Dar es Salaam, na aliyekitafuta ni shemeji au dalali. Ananunua kwa akiba ya miaka, au kwa kiinua mgongo kinacholipwa mara moja tu. Hana nafasi ya kukosea na kuanza upya. Kwa hiyo bei inaposhuka chini ya bei za jirani, yafaa aulize kabla ya kufurahi. Ofisi ya mipango miji ya halmashauri ina ramani ya matumizi ya ardhi, na mwananchi ana haki ya kuiona. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa wa taka ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kujengwa, na maoni ya wananchi yasikilizwe; taarifa zake zaulizwa Baraza la Mazingira, NEMC. Na akipata likizo, akitazame kiwanja usiku baada ya mvua, upepo ukivuma. Dalali hukionyesha mchana wakati wa jua.

Lakini mzigo huu hauwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Ukanda wa kinga kuzunguka jaa ulipaswa kununuliwa na jiji kabla ya lori la kwanza, pamoja na vibanja vyote vilivyomo, ukapandwa miti na kuwekewa mabango. Kampala haikufanya hivyo mwaka 1996, wakati ardhi ya Kiteezi ilikuwa rahisi. Mwezi Septemba 2024 Rais Museveni aliwaachisha kazi viongozi watatu wakuu wa mamlaka ya jiji. Familia za marehemu ziliahidiwa shilingi milioni 5 za Uganda kwa kila aliyekufa.