Mgeni wa Miezi Mitatu



Bila shaka una benchi lako kanisani. Halina jina lako, lakini unalijua, na siku ukimkuta mtu mwingine amelikalia, Misa nzima unakuwa kama uliyelala ugenini.

Mwaka jana nilimuuguza ndugu yangu katika mji ambao sijawahi kuishi. Jumapili asubuhi, baada ya kukesha wodini, niliingia kanisa la jirani nikiwa na shati la mikono mifupi na kandambili. Kola sikuvaa. Nilitaka kusali tu kama muumini yeyote.

Nikakaa. Kijana mwenye skafu akanijia: “Mzee, hapa ni pa jumuiya inayoongoza leo.” Nikahama. Kwenye benchi la pili mama mmoja akaweka mkoba wake. “Kuna mtu,” akasema. Mtu huyo hakutokea hadi baraka ya mwisho. Hatimaye nikapata nafasi nyuma, kando ya nguzo, pamoja na dada mmoja aliyempakata mtoto.

Matoleo yalikwenda kwa kuita jumuiya moja baada ya nyingine. Nilipoanza kuhangaika, yule dada akaninong’oneza, “Sisi tunafuata mwishoni.” Wakati wa matangazo, wageni tukaambiwa tusimame. Nikasimama, nikapigiwa makofi matatu, nikaketi. Yeye hakusimama.

Tulipotoka nilimuuliza kama ni mwenyeji. Akacheka. “Mimi makofi yangu nilishapigiwa, mzee, miezi mitatu iliyopita. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza jina.” Mtoto wake hajabatizwa. Ofisini walimwambia alete barua ya jumuiya. Jumuiya ya mtaa wake husali Jumamosi saa 12 asubuhi, na saa hiyo yeye yuko jikoni kwa mwajiri wake, anaandaa chai ya watu. Akamfunga mtoto mgongoni, akaniaga: “Utazoea, mzee.”

Barua hiyo naijua vizuri. Katika parokia yangu niliyeweka sharti hilo ni mimi, tena nikaongeza muhuri. Sikulitunga kwa ubaya. Tangu mkutano wao wa 1976, maaskofu wetu wa AMECEA wamezifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji, na ni kweli kwamba jirani anamjua mtu kuliko paroko. Lakini kanuni ya 868 ya sheria ya Kanisa, kwa ubatizo wa mtoto mchanga, inataka ridhaa ya mzazi na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Barua ya jumuiya haimo. Na mama anayekuja Misa miezi mitatu bila kusalimiwa na mtu, tena akarudi, niambie wewe msomaji kama tumaini hilo halipo.

Seminarini tulisoma Didascalia, mwongozo wa kichungaji ulioandikwa Siria katika karne ya 3. Humo askofu anaagizwa kwamba akiingia maskini, hasa aliyezeeka, na nafasi ikawa hakuna, amtafutie mahali kwa moyo wake wote, hata ikibidi yeye mwenyewe aketi chini. Askofu, si kijana mwenye skafu! Mtihani ule nilifaulu vizuri.

Sikumwambia yule dada kwamba mimi ni padri. Ningeweza kumrudisha ofisini, nikazungumza na paroko tukayamaliza palepale. Nilikuwa na usingizi, nikamwacha aende, na jina lake sikuliuliza hata mimi.

Siku hizi, kwetu, barua ikikosekana mimi mwenyewe ndiye ninayekwenda kumtembelea mzazi, saa anayotoka kazini. Mwenyekiti mmoja wa jumuiya ananilalamikia kwamba nimewalegeza watu. Huenda. Na baada ya Misa ya kwanza nasimama getini, si kwa kupungia mkono tu, nauliza majina. Jumapili ya kwanza nilimkaribisha kwa furaha mzee mmoja aliyekuwa akitoka peke yake, nikamwuliza amehamia lini. Akavua kofia.

“Baba,” akaniambia, “mimi nasali hapa tangu kabla wewe hujaletwa.”