Aliyefika Ujiji Akaishi Wiki Moja



Ukitaja Ujiji, wengi hukumbuka mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wachache wamesikia habari za Arthur Dodgshun, mmisionari wa London Missionary Society. Yeye na wenzake waliondoka pwani mwaka 1877 kuja Ziwa Tanganyika. Maksai waliovuta mikokoteni yao walikufa kwa sababu ya mbung'o. Safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ikamchukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Alifika Ujiji Machi 27, 1879, akiwa mgonjwa. Aprili 3 akafariki. Mwenzake aliyemtangulia, J. B. Thomson, alikuwa amefia hapo hapo Septemba 1878, takriban mwezi mmoja baada ya kufika.

Wiki moja tu! Hakupata nafasi ya kujenga kanisa wala kufungua shule. Miaka michache baadaye shirika lake likahamishia kazi kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Zambia. Kwa hesabu za dunia, hiyo ni hasara tupu.

Hesabu hiyo tunaipiga hata leo. Mama anazika mtoto wa siku tatu. Familia inauza shamba kumsomesha kijana, naye anafariki mwaka wa kuhitimu. Mvuvi wa Kibirizi anatoka jioni na taa zake kuvua dagaa, asubuhi mtumbwi unarudi bila yeye. Swali ni lile lile: ilikuwa na faida gani?

Mtume Paulo hakulikwepa. Katika 1 Wakorintho 15 anakiri kwamba, kama Kristo hakufufuka, hakuna watu wa kuhurumiwa kama sisi. Lakini Kristo amefufuka, na kwa sababu hiyo Paulo anaifunga sura hiyo kwa kutuhakikishia kwamba kazi tunayomfanyia Bwana haipotei. Hatuahidi kwamba tutayaona matunda yake kabla ya kufa. Anachosema ni kwamba kaburi halifungi hesabu.

Siku hizi tunahubiriwa sana baraka za kuonekana kwa macho: nyumba, gari, biashara. Zikija, tumshukuru Mungu. Lakini imani iliyosimama juu ya hizo peke yake haina la kumwambia mama aliyefiwa. Tumaini la uzima wa milele linalo. Wala halimkatazi kulia, kwa maana Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro huku akijua kwamba atamfufua.

Basi wiki hii ukienda msibani, usikimbilie kueleza kwa nini Mungu ameruhusu. Keti na wafiwa, lia nao, kisha wakumbushe ufufuo. Na kama unauguza mgonjwa asiyepata nafuu, au unamwombea mtoto aliyeiacha njia, usikate tamaa. Bwana anaiona kazi yako, hata kama wewe hutaishi kuona mwisho wake.

Jumapili njema.