Tumbo Lililovimba la Samaki wa Madimbwini

Katika madimbwi ya Kilwa na Lindi, yale yanayojaa mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka na kukauka kiangazi, huishi samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius. Wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa Ulaya, huwapenda kwa rangi za madume yao. Nothobranchius cardinalis wa bonde la mto Mbwemkuru alielezwa kisayansi mwaka 2008, N. lucius alifuata mwaka 2009. Dimbwi likikauka, samaki wakubwa hufa wote, na mayai hubaki hai ndani ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Samaki huyu basi ameumbwa kula sana, kukua upesi na kuzeeka mapema, na akiwa ndani ya tangi la kioo tabia hizo huonekana kwanza tumboni.

Tumbo likivimba, kabla ya dawa huulizwa jinsia na umri. Jike hutaga mayai karibu kila siku; akitengwa na dume, tumbo hujaa. Akiwa mchangamfu na anakula, hana ugonjwa.

Kuvimbiwa nako ni jambo la kawaida. Tumbo hutuna ghafla baada ya mlo mzito, na kinyesi hutoka kama hakitoki. Hapo samaki hanyimwi kitu ila chakula: siku mbili au tatu bila kula, kisha viroboto wa maji kidogo kidogo. Njegere zilizomenywa, zinazosifiwa sana kwa samaki wa dhahabu, hazimfai huyu mla wadudu.

Hatari yenyewe ni maji kujaa mwilini. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji humwingia saa zote kupitia matamvua, na figo ndizo zinazoyatoa. Figo zikishindwa, mara nyingi kwa bakteria kama Aeromonas katika tangi chafu, tumbo huvimba pande zote, macho hutokeza na magamba husimama kama ganda la nanasi. Mgonjwa hutengwa, sehemu ya maji ya tangi hubadilishwa, na haluli huyeyushwa kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 hivi ili kupunguza uvimbe. Dawa ya kuua bakteria hufaa zaidi ikichanganywa na chakula, tena kwa ushauri wa daktari wa mifugo, maadamu samaki bado anakula. Magamba yakishasimama, wanaopona ni wachache.

Nyuzi nyekundu zikichungulia njia ya haja, hao ni minyoo ya Camallanus. Levamisoli, dawa inayofahamika kwa wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, huwalegeza. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2 kwa lita moja kwa siku nzima, na hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu. Vinundu vyeupe tumboni ni habari nyingine. Huenda ni Glugea, kimelea kinachoenea kwa vijimbegu ambavyo samaki humeza, hasa wakidonoa mzoga wa mwenzao. Hakina tiba ya kutegemewa, kwa hiyo mzoga huondolewa mara moja na vyombo havichangiwi.

Uvimbe wa upande mmoja kwa samaki mzee mara nyingi ni wa ini au figo, na kumtia dawa ni kumsumbua bure. Asiye na matumaini hulazwa kwa mafuta ya karafuu, yale yale ya Pemba na Unguja: matone machache hutikiswa na maji moto kidogo mpaka yachanganyike, yakamiminwa katika chombo chake. Akishalala huongezwa mengine, na huachwa humo muda mrefu baada ya matamvua kutulia. Mzoga huzikwa au kuchomwa, na maji ya tangi la mgonjwa hayamwagwi dimbwini wala mtoni.