Gari ya zamani: tutie mafuta gani ndani ya moteri?

Shofere anatoka Kamanyola, anapanda Ngomo kwenda Bukavu na Land Cruiser ya miaka ya 1990, watu na mizigo juu. Akifika juu anasimama kidogo, moteri inazunguka polepole. Taa nyekundu ya mafuta inaanza kuwaka. Anazima, anapima: mafuta iko. Sasa tatizo ni nini?

Inaweza kuwa pompe imechoka. Lakini mara nyingi sababu ni mafuta yenyewe: imekuwa nyepesi sana kisha kupata moto, haisimame tena kati ya vyuma. Mwenye kuendelea hivyo, siku moja atalipa moteri nzima.

Soma namba

Kwenye bidoni utaona 15W-40, 20W-50 ao 5W-30. Namba yenye W inaonyesha namna mafuta inatembea moteri ikiwa baridi: ikiwa ndogo, mafuta inapanda haraka. Namba ya pili inaonyesha uzito wake ikifika digri 100.

5W-30 inafaa moteri nyingi za kisasa, zenye nafasi ndogo kati ya vyuma. Kwa moteri iliyozeeka, ile nafasi imepanuka: mafuta nyepesi inavuja, inaungua, na presha inashuka.

Wengine wanakimbilia SAE 50, wakisema nzito ndiyo nguvu. Hapana. Asubuhi ya baridi kule Butembo, mafuta nzito inakawia kupanda, na wakati huo chuma kinakula chuma. Kwa hali ya hewa yetu, 15W-40 inatosha gari nyingi za zamani za mazuti. 20W-50 inasaidia moteri ya esansi iliyochoka, zaidi kwenye joto la Uvira. Lakini kama kitabu cha gari kiko, fuata kitabu kwanza.

Soma herufi

Kando ya neno API, S ni ya esansi, C ni ya mazuti. Moteri ya mazuti inatoa masizi mengi, na mafuta ya C imetengenezwa kwa kuyabeba. Ndiyo maana inageuka nyeusi haraka, usiogope. Ikiwa kama maziwa, simama: maji imeingia.

Usidanganywe na bei ndogo. API yenyewe inasema SA haifai moteri nyingi za esansi zilizotengenezwa kisha 1930, na SB kisha 1951. Kwa mazuti, tafuta CF-4 ao CI-4. Bidoni ya 15W-40 yenye kuandikwa CI-4/SL inaweza kutumika pande zote mbili.

Mbele ya kulipa

Angalia kifuniko: pete yake isiwe imekatika. Karatasi isiwe imebandikwa juu ya ingine. Mafuta ya bei ndogo sana inaweza kuwa ile iliyotumika tayari, ikachujwa na kurudishwa ndani ya bidoni ya jina kubwa. Kisha vidanje, toboa bidoni yako, wasiijaze tena.

Badilisha filtri pamoja na mafuta, na kwa barabara zetu za vumbi na milima usipitishe kilomita 5 000. Ile ya zamani usiimwage kwenye mtaro: mvua ikinyesha, inashuka mpaka ziwani, kule tunachota maji.

Na kama taa nyekundu inawaka hata kisha kutia mafuta inayofaa, usiendelee. Zima moteri, ita fundi.