Kabla ya kupokea vijiti vipya vya muhogo, ulizeni kipimo



Kwenye soko sisi wote tunajua ile kopo iliyobonyezwa chini. Muuzaji anahesabu makopo 10, kumbe unga iko ya makopo 8 tu. Kosa kama hili linaweza kuingia pia kwenye labo, pale tunapotafuta muhogo unaovumilia ugonjwa wa mozaiki.

Ndani ya kila jani kuna jeni nyingi. Ni kama wanamemba wa koperative: majina yote yako kwenye daftari, lakini si wote wanatumika kila siku. Ugonjwa ukiingia, jeni za kujikinga zinaamka. Tunajua ginsi zinatumika kwa kupima ujumbe ambao zinatuma, unaoitwa ARN. Lakini jani moja linatupa ARN mingi, lingine kidogo. Njo maana tunahitaji jeni ya kulinganisha: ile inayotumika sawasawa, mmea ukiwa mzima ao mgonjwa, wakati wa mvua ao wa kiangazi. Hiyo njo kopo yetu.

Shida ni hii: mara nyingi watafiti wamechukua jeni iliyozoeleka, kama ya aktini, bila kuijaribu kwanza. Jeni ile inaweza kupunguza kazi mmea ukiugua. Ikishuka nusu, jeni ya kujikinga itaonekana imepanda mara mbili, kumbe haikusogea. Tutasifu mbegu isiyo na nguvu, na ninyi mtapoteza mwaka mzima wa shamba.

Mwaka 2002, watafiti wa Gent, Ubelgiji, walionyesha katika chembe za mwili wa mtu kwamba jeni moja haitoshi. Walishauri kutumia angalau 3, zilizolinganishwa zenyewe kwa zenyewe, ile inayoyumba zaidi ikiondolewa. Kwa muhogo pia tunapashwa kufanya vile. Na jeni iliyo nzuri kwa jani inaweza kukosa kufaa kwa mzizi.

Basi, wakiwaletea vijiti vipya, ulizeni: mlipima na jeni ngapi za kulinganisha? Mlizijaribu kwenye muhogo mgonjwa? Tukija kuchukua majani, tusaidieni tuchume ya umri mmoja, saa ileile, na kuandika mmea gani ni mgonjwa.

Hata jibu likiwa nzuri, pandeni kwanza mistari michache kando ya muhogo wenu wa kawaida. Shamba njo linamaliza mabishano.